Pafukapo Moshi: Mantiki ya Dalili katika Maisha ya Kila Siku

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuulizwa swali moja kila tunaporudi nyumbani likizo: "Hiyo fasihi mnayosoma huko inasaidia nini?" Mimi kwetu ni Katoro, mji wa soko na wa wachimbaji wadogo, katika barabara itokayo Geita kuelekea Chato. Pale swali hilo huulizwa bila haya, kwa sababu mtu hupimwa kwa alicholeta mkononi. Mara mbili nimelijibu kwa kubabaisha. Makala haya ni jibu langu la tatu.

Madhumuni ya makala ni kuonyesha kwamba mantiki, yaani utaratibu wa kutoka kwenye jambo tunalolijua hadi kwenye tusilolijua bila kudanganyika njiani, si mali ya vitabu vya falsafa peke yake. Imo katika methali zetu, imo katika riwaya tunazozihakiki, na imo hata katika karai la mchimbaji wa dhahabu. Sitajadili mantiki yote. Nitajadili kosa moja tu, nalo ni kuifanya dalili kuwa uthibitisho. Nimelichagua kwa sababu lilikaribia kumgharimu bibi yangu maisha yake.

Kikao

Baba mdogo alifiwa na mtoto wa miaka minne. Homa siku ya kwanza, homa siku ya pili, degedege usiku wa kuamkia siku ya tatu, basi. Baada ya matanga kuanuliwa, baba mdogo alikwenda kwa mpiga ramli, akarudi na maneno haya: aliyemla mtoto ni mwanamke mzee wa ukoo huu huu, macho yake mekundu, na mlango wake unatazama machweo ya jua. Jina hakutajiwa. Halikuhitajika.

Tukaitwa kwenye kikao, wanaume wa kaya, chini ya mwembe. Mzee mmoja alifungua kwa kusema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Wa pili akadakia, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Wa tatu hakusema neno, alitikisa kichwa tu, na mimi nikaogopa kile kichwa kuliko maneno ya wale wawili. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa kikao cha namna hiyo huweza kuishia wapi. Vikongwe wengi wa Usukumani wameuawa kwa mapanga, usiku, kwa tuhuma ambazo ushahidi wake mkubwa ulikuwa rangi ya macho yao.

Wakati huo bibi yangu alikuwa jikoni. Alikuwa akitupikia ugali sisi wanakikao, moto wa mabua ya pamba umekataa kuwaka vizuri, moshi unatokea mlangoni kwa sababu jiko halikuwa na dirisha. Alitoka mara moja kupumua, akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akarudi ndani. Watu walimtazama macho. Hakuna aliyetazama moshi.

Methali kama hoja

Katika fasihi simulizi tunafundishwa kwamba methali ni kauli fupi yenye mizani, iliyobeba busara ya wahenga. Ni kweli. Lakini tukiishia hapo tunakuwa tumeieleza fani tukaacha matumizi. Katika kikao, methali haitumiki kama pambo la lugha. Inatumika kama kauli ya kwanza ya hoja, na tena kauli isiyoulizwa, kwa kuwa aliyeisema hayupo. Ukibishana na mzee unabishana na mtu. Ukibishana na methali, eti unabishana na wahenga wote!

Sasa tuwaangalie hao wahenga wenyewe. Wametuambia kwamba haraka haraka haina baraka, na wao hao hao wametuambia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Wametuambia kwamba pafukapo moshi pana moto, kisha wakatuonya kwamba kusikia si kuona. Kumbe wahenga hawakutuachia hukumu. Walituachia mashahidi wa pande zote mbili, nasi ndio tunaochagua nani aitwe kizimbani. Pale kikaoni aliitwa shahidi wa upande mmoja tu.

Tuichunguze hasa hii "lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Kifani ni tamu sana. Kimantiki ni mtego. Likionekana lile lililosemwa, methali imeshinda. Lisipoonekana, bado imeshinda, maana laja. Hakuna siku ambayo inaweza kushindwa. Wengi tunadhani kauli ya namna hiyo ina nguvu kuliko zote, kumbe ni dhaifu kuliko zote. Kauli isiyoweza kukanushwa na jambo lolote litakalotokea haijathibitishwa na jambo lolote lililotokea. Ukisikia hoja ya aina hii, iwe ya mganga, ya mwanasiasa au ya rafiki yako anayemshuku mchumba wake, uliza hivi: ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba ulikosea? Akijibu kwamba hakuna, jua hamjadiliani.

Ng'ombe na meza

Hoja iliyokuwa chini ya mwembe, ukiivua mapambo, ilikuwa hivi:

Wachawi wana macho mekundu.
Bibi huyu ana macho mekundu.
Kwa hiyo bibi huyu ni mchawi.

Weka kando kabisa swali la kama uchawi upo au haupo. Watu wa kwetu hawatakuruhusu ulianzie hapo, na kwa kweli huna haja ya kulianzia hapo. Hoja hii imevunjika hata kwa yule anayeamini uchawi kwa moyo wake wote. Hebu ibadilishe maneno uiache sura yake:

Ng'ombe wana miguu minne.
Meza hii ina miguu minne.
Kwa hiyo meza hii ni ng'ombe.

Hakuna Msukuma atakayekubali kuiswaga meza malishoni. Sura ya hoja ni ile ile. Kosa liko wapi? Kauli ya kwanza imetuambia habari za ng'ombe wote, lakini haikutuambia kwamba kila chenye miguu minne ni ng'ombe. Sisi tumeisoma kinyumenyume. Mbinu hii ya kubadilisha maneno na kubakiza sura ni silaha nzuri ya kila siku. Hoja ikikutatiza, ipe maneno ya zizini au ya sokoni, uone kama itasimama.

Jambo hili ni kongwe. Aristotle, katika kitabu chake cha balagha, alizitenga dalili mafungu mawili. Zipo dalili za lazima, kama mwanamke mwenye maziwa kuwa amezaa. Zipo dalili zisizo za lazima, kama mtu anayehema haraka kudhaniwa ana homa, maana anayehema huenda alikuwa anakimbia. Dalili ya pili haikosi thamani. Inatosha kutufanya tuulize, ila haitoshi kutufanya tuhukumu.

Macho mekundu ni dalili ya fungu lipi? Huletwa na moshi wa kuni, wa mabua na wa kinyesi cha ng'ombe, vitu ambavyo mwanamke wa kwetu hupikia tangu utotoni hadi uzeeni. Huletwa na ugonjwa wa vikope. Huletwa na vumbi, na kulia, na kukosa usingizi. Aliyefiwa na mjukuu hukosa usingizi na kulia pia. Swali la pili la kubeba mfukoni ndilo hili: ni kitu gani kingine kingeweza kuleta dalili hii hii?

Wasomaji wa riwaya mtalitambua. Ndilo swali la Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58. Mtu anakutwa ameuawa mahali pa mzimu. Mahali penyewe panawapa watu jibu kabla hawajauliza swali. Bwana Msa hakai akibishana na watu juu ya mizimu, bali anatafuta mkono wa binadamu. Wahakiki wengi humtaja kama ndugu wa mbali wa Sherlock Holmes wakaishia hapo. Mimi nadhani mwandishi alikuwa anawafundisha wasomaji wake namna ya kukaa kwenye kikao.

Karai la mchimbaji

Sasa bwana, nikiri kosa langu. Siku ile kikaoni nilipopewa nafasi, nilisimama kama niko semina. Nilisema "kimantiki", nikasema "ushahidi", nadhani nilimtaja hata huyo Aristotle. Baba mdogo akanitazama mpaka nikamaliza, akasema, "Mwanangu, wewe hujazika." Nikakaa. Nilikuwa nimesema kweli, na kikao kilikuwa kimezidi kuwa kibaya.

Ilibidi nisubiri hadi jioni. Baba mdogo ni mtu wa maduara. Amechimba, ameuza mawe, na siku hizi hununua mawe ya wengine akayasaga. Nikamfuata alipokaa peke yake.

"Baba, mtu akikuletea mfuko wa mawe akasema una dhahabu, unampa hela?"

"Kwa nini nimpe? Napima kwanza."

Akanieleza, ingawa alijua ninajua. Unachukua kipande, unakitwanga, unaosha unga wake kwenye karai polepole, vyepesi vinaondoka na maji, unaangalia kilichobaki chini. Ukiona kinachong'aa, bado hujamaliza. Kuna madini yanayong'aa kuliko dhahabu yenyewe, lakini ukiyagonga yanavunjika kuwa unga. Dhahabu ukiigonga inabonyea, haivunjiki.

"Na muuzaji akikasirika kwamba humwamini?"

"Akikasirika ndiyo nazidi kupima."

Nikamuuliza, kwa sauti ya chini na kwa heshima zote, "Na yule wa ramli, baba, ulimpima?"

Alinyamaza. Nikamwomba tuhesabu pamoja. Katika kaya yetu milango mingapi inatazama machweo? Yote minne, kwa sababu njia iko upande huo. Wanawake wangapi wana macho mekundu? Bibi. Shangazi mkubwa. Jirani yetu anayechoma vitumbua. Halafu akafika mwenyewe kwa mama mdogo, mke wake, mama wa marehemu, ambaye amepika katika jiko lile lile kwa miaka kumi na mitano. Alipofika hapo hakuendelea kuhesabu.

Nililojifunza jioni ile ni hili. Watu wa Katoro hawakosi mantiki. Mtu asiyekubali kudanganywa kwa mfuko mmoja wa mawe ana mantiki ya kutosha. Tatizo ni kwamba tumeiacha kwenye karai. Ya mawe tunapima, ya watu tunapokea. "Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu" tunaijua kwa mikono, hatujaijua bado kwa masikio.

Hesabu ya wasiosimuliwa

Tukibaki kwenye maduara, tulione tawi jingine la kosa hili. Utasikia, "Fulani alikwenda kwa mganga, mwezi ule ule akapata." Kwa kauli ya namna hiyo watu wamemwaga fedha, na wengine wamemwaga damu. Kuanzia mwaka 2007 hivi habari za mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa zilienea hadi nje ya nchi, kwa sababu ya waganga waliowaaminisha wateja wao kwamba viungo vya ndugu zetu hao huleta utajiri. Ualbino ni jambo la urithi: mtoto amepokea chembe ya urithi ya aina hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia, basi mwili wake unatengeneza rangi kidogo sana au hautengenezi kabisa. Hakuna dhahabu humo. Ila anayetaka kuamini atakwambia, "Mbona fulani alipata?"

Tuchore mraba wenye vyumba vinne. Chumba cha kwanza: waliotumia dawa wakapata. Cha pili: waliotumia dawa wasipate. Cha tatu: wasiotumia wakapata. Cha nne: wasiotumia wasipate. Tuseme, kwa mfano tu, maduara 100 yalifanyiwa dawa na 5 yakatoa dhahabu. Tuseme maduara 20 hayakufanyiwa dawa na 1 likatoa. Waliopata kwa dawa ni watano, waliopata bila dawa ni mmoja. Masimulizi yatakuwa ya dawa matano dhidi ya moja, na kijiji kizima kitasema dawa inafanya kazi. Lakini tano katika mia na moja katika ishirini ni kiwango kile kile! Dawa haikuongeza kitu. Kilichoongezeka ni idadi ya wasimuliaji.

Wale 95 wako wapi? Wengine wamerudi makwao na madeni. Wengine wanaona haya. Hakuna anayenunuliwa bia ili asimulie alivyokosa. Kwa mwanafunzi wa fasihi jambo hili lina uzito wa pekee. Tunajifunza kuuliza ni nani anasimulia, na kwa nini. Basi tuongeze: ni nani aliyenyamaza, na kunyamaza kwake kumeibadilishaje hadithi? Hilo ndilo swali la tatu. Linafaa kwa dhahabu, kwa upatu, kwa dawa ya kuongeza nguvu, na kwa jamaa anayekwambia babu yake alivuta sigara akafika miaka tisini.

Mantiki haina upande

Mtu anaweza kunielewa vibaya akadhani upande mmoja una wajinga na upande wa pili una sisi wasomi na Serikali. Historia ya kwetu inakataa. Mwaka 1976 iliendeshwa operesheni ya kuwasaka waliotuhumiwa kwa mauaji ya kishirikina katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mwanza, na haikuwa mkoa mpaka mwaka 2012. Lengo lilikuwa jema. Lakini watuhumiwa waliteswa, na wengine walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 akibeba dhamana ya mambo ambayo hakuyatenda kwa mkono wake.

Nini kilitokea hapo kimantiki? Waliokuwa wakipambana na watu wanaogeuza tuhuma kuwa hukumu, nao waligeuza tuhuma kuwa hukumu. Maneno ya mtu anayepigwa ni dalili ya maumivu, si uthibitisho wa kosa, maana asiye na kosa naye atakiri apate kupumua. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa mbele ya mfalme huku wakubwa wamekwisha kuridhika kwamba ana hatia. Kinachomwokoa ni kupewa nafasi ya kusema, na wasikilizaji kukubali kusikiliza hadi mwisho. Wahakiki tumelisoma jambo hilo kama siasa ya wakati wa ukoloni. Ni sawa. Lakini ni somo la mantiki pia: hoja ya upande mmoja hushinda daima, kwa kuwa inacheza peke yake.

Tena kuna la kuogopa zaidi, na hili sikulipata kitabuni. Nilipokuwa nahesabu milango na baba mdogo, niliona hofu machoni pake, na nikaelewa. Kama bibi hakumla mtoto, basi kilichomuua ni nini? Ni homa ya siku mbili nyumbani. Ni zahanati iliyokuwa karibu ikaachwa. Ramli ilikuwa imempa mtu wa kumchukia badala ya kujichukia mwenyewe. Mantiki yangu ilikuwa inamnyang'anya kinga hiyo bila kumpa nyingine. Hapo nikanyamaza. Nilimwambia tu kwamba watoto wengi wa kwetu huondoka hivyo, na wazazi wao si wabaya. Anayetaka kuutumia ukweli ndani ya nyumba yenye msiba ajifunze pia wakati wa kuuweka chini.

Hitimisho

Katika makala haya nimejaribu kuonyesha kwamba mantiki ya kila siku yaweza kubebwa katika maswali matatu. Kwanza: ni jambo gani likitokea nitakubali kwamba nimekosea? Pili: ni kitu gani kingine kingeweza kuleta dalili hii hii? Tatu: nani hakusimulia? Maswali haya hayahitaji shahada. Yanahitaji mazoezi, na pa kuanzia ni kwenye madogo: bei ya mchele, habari ya kijiweni, ugomvi wa chumbani bwenini. Aidha, tuanze kujiuliza sisi kabla ya kuwauliza wengine. Nikiwa mdogo niliwahi kukataa uji wa bibi kwa sababu ya macho yake. Alidhani naumwa, akaniombea.

Bibi yuko hai. Baada ya kikao kile alikaa miezi mitatu kwa shangazi, Buseresere, mpaka maneno yakapoa. Tulipomrudisha, mimi na binamu zangu tulitoboa dirisha jikoni kwake na kupandisha paa kidogo ili moshi upate pa kutokea. Macho yake bado ni mekundu, kwa umri ule hayatakuwa meupe tena. Baba mdogo humsalimia kila asubuhi, ila hajala kwake hadi leo. Sidai kwamba nimeshinda.

Lakini likizo iliyopita aliniuliza tena lile swali, fasihi inasaidia nini. Nilimjibu kwamba tunafundishwa kutokubali maneno bila kuyaosha kwenye karai. Akacheka kidogo, akasema, "Basi soma." Nawaalika wenzangu wachangie mjadala huu, hasa wale ambao makwao kuna methali na vikao visivyofanana na vya kwetu.